Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo chetu: fildi bila usimamizi inamuumiza mwananchi kabla ya mwanafunzi

Dar es Salaam

Kwa Mkuu wa Chuo

Nakala: Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Jamii, Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo, Serikali ya Wanafunzi

YAH: USIMAMIZI WA WANAFUNZI WA USTAWI WA JAMII WAWAPO KATIKA MAFUNZO KWA VITENDO

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya ustawi wa jamii katika chuo unachokiongoza. Nakuandikia hadharani kwa heshima zote, na baada ya kupita kwanza milango yote ambayo utaratibu wa chuo unatuelekeza kuipita. Tulimwandikia Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo, tukapeleka malalamiko kupitia wawakilishi wa madarasa, na Serikali ya Wanafunzi ikalifikisha suala hili mbele ya uongozi kikaoni. Kila mara tulijibiwa kwamba limepokelewa na linafanyiwa kazi. Awamu ya fildi, yaani mafunzo hayo kwa vitendo, ya mwaka jana ikapita vilevile kama ya mwaka juzi, na sasa majina ya watakaokwenda awamu ijayo yameanza kubandikwa. Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa sina nia ya kukichafua. Wewe na wasaidizi wako mtaitambua barua hii bila kutajiwa.

Ninalolilalamikia ni moja: mnatupeleka kwa watu walio katika shida nzito kuliko zote walizowahi kukutana nazo, kisha mnatuacha huko peke yetu.

Nianze na uzito wa kazi yenyewe. Katika jiji hili, mwanamke aliyetelekezwa na mtoto hasemi kwamba atamfungulia mzazi mwenziwe shauri la matunzo, anasema, "Nitakupeleka ustawi." Akishafika huko, anamkuta afisa ambaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkabidhi mambo makubwa: kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii itakayomsaidia hakimu kuamua mtoto akae na nani, kuhudhuria Mahakama ya Watoto, kumwondoa mtoto mahali penye hatari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa wetu ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya mwaka 2022. Maofisa waliopo ni wachache mno kwa watu wote hao, na hapo ndipo mwanafunzi wa fildi anapogeuzwa kuwa afisa tangu asubuhi yake ya kwanza kazini.

Yanayotusumbua ni haya yafuatayo.

1. Mhadhiri anakuja kusaini, haji kufundisha.

Mwongozo wetu wa fildi unasema kwamba mhadhiri atamtembelea mwanafunzi kituoni, atamwona akifanya kazi, atasoma logbuku yake, daftari la kazi zake za kila siku, na kujadiliana naye yaliyomo. Katika hali halisi, simu inaita mhadhiri akiwa tayari njiani, "Upo ofisini? Nafika sasa hivi." Anafika, anasalimiana na mkuu wa ofisi, anapitisha macho kwenye kurasa, anauliza kama kuna changamoto huku amekwisha kushika kalamu, anasaini na kuondoka, kwa sababu siku hiyohiyo anasubiriwa Temeke, na kutoka Temeke anatakiwa kuwahi pantoni kwenda Kigamboni. Wapo wenzetu ambao hawakutembelewa kabisa na maksi zao zikatoka kwa mazungumzo ya simu na mtu wa kituoni. Tangu niingie fildi hadi nilipomaliza, hakuna mhadhiri aliyewahi kunisikiliza nikizungumza na mteja hata kwa dakika tano. Maksi niliyopewa ni ya mwandiko wangu.

Haki itendeke: yupo mhadhiri mmoja ambaye wanafunzi wote wa mwaka wetu wanamfahamu, anayekaa kituoni asubuhi nzima, anayeketi pembeni kimya wakati mwanafunzi akipokea watu, kisha anamwita nje chini ya mti na kumwuliza, "Yule baba alipokwambia hana kazi, kwa nini hukumwuliza anakula wapi?" Waliosimamiwa naye wanarudi darasani wakiwa watu wengine. Kwa hiyo kazi hii inawezekana, tena ndani ya chuo hikihiki na kwa mshahara uleule.

Wala si dai la kubuni. Baraza linalosimamia elimu ya ustawi wa jamii nchini Marekani, ambako vitabu vyetu vingi vimeandikwa, linataka saa zisizopungua 400 za fildi kwa shahada ya kwanza na 900 kwa shahada ya uzamili, na mwaka 2008 lilitamka kwamba fildi ndiyo njia ya ufundishaji inayoitambulisha taaluma hii. Viwango vya kimataifa vya elimu ya ustawi wa jamii vya mwaka 2020 navyo vinataka wasimamizi wa fildi wawe na sifa na uzoefu. Sisi saa tunazo, pengine kuliko hata hizo. Tunachokosa ni mtu wa kutuongoza ndani ya saa hizo.

2. Tunaachiwa mashauri ambayo hata afisa mzoefu huyashika kwa tahadhari.

Hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu. Mwenzangu wa darasa, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili, ameniruhusu niandike yaliyomkuta katika moja ya ofisi za jijini, na nimebadilisha kila linaloweza kumtambulisha mtoto. Ilikuwa Ijumaa mchana. Afisa alikuwa ameitwa mahakamani na chumbani walibaki wanafunzi wa fildi peke yao. Akaingia mwanamke na binti wa shule ya msingi, bado yumo ndani ya sare. Mwenzangu akachukua karatasi nyeupe na kuanza kuuliza kama anayejaza fomu ya usajili: nani, lini, wapi, mara ngapi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu feni ilikuwa mbovu, na nje, hatua chache tu kutoka walipokaa, benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri zamu. Kila mtu alipokohoa huko nje, mtoto alinyamaza na kuvuta uzi uliokuwa umechomoza kwenye pindo la sketi yake. Mpaka anamaliza kueleza, anasema mwenzangu, pindo lote la upande ule lilikuwa limefumuka.

Kisha akawaambia warudi Jumatatu, afisa atakapokuwepo.

Tukio lilikuwa la usiku wa kuamkia Ijumaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa mtu aliyebakwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Jumatatu asubuhi saa hizo zingekuwa zimekwisha kupita. Aliyemwokoa mtoto yule ni mama mhudumu wa ofisi, ambaye hana cheti chochote cha taaluma yetu lakini ameona mengi. Alimzuia mlangoni mwanamke yule, shangazi wa mtoto, akampigia afisa simu, na jioni ileile akawafikisha mwenyewe hospitali.

Simlaumu mwenzangu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto wa namna hiyo hahojiwi mbele ya mlango ulio wazi, kwamba kumrudisha arudie maelezo yake kwa mtu wa pili na wa tatu kunamjeruhi upya na kunaweza kuvuruga ushahidi, kwamba njia ni hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo, na kwamba hata namba 116 ya simu ya mtoto ingemsaidia kupata mtu wa kumwelekeza. Mashauri ya watoto husikilizwa faraghani kwa mujibu wa sheria, lakini mahali mtoto anaposema kwa mara ya kwanza panakuwa sokoni. Na karatasi ile nyeupe, Ndugu Mkuu wa Chuo, ilikaa juu ya meza hadi Jumatatu, wakati nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Nimewahi kuona wanafunzi wakipiga picha kurasa za majalada kwa simu zao ili wakaandikie ripoti ya fildi nyumbani, kwa sababu ripoti inadai "mfano halisi" na hakuna aliyewaelekeza namna ya kuuandika bila kumwanika mtu.

3. Tunafundishwa taaluma, hatufundishwi kazi.

Muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza habari za Jane Addams, mmoja wa waasisi wa taaluma yetu, atakueleza kwamba mwaka 1889 alifungua Hull House jijini Chicago pamoja na Ellen Gates Starr, wakahamia kuishi katikati ya wahamiaji maskini. Ni historia nzuri na naipenda. Lakini mwulize mwanafunzi huyohuyo, siku moja kabla ya kwenda fildi, akuandikie taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto, na atakutazama tu, kwa sababu hajawahi kuishika hata iliyofutwa majina. Sheria ya Mtoto tunaisoma kwa ajili ya mtihani, tunataja vifungu, lakini hatujawahi kuketi wawili wawili, mmoja akiwa mama anayelia na mwingine akiwa afisa, huku mhadhiri akitusahihisha namna ya kunyamaza, namna ya kuuliza, namna ya kumwambia mtu kwamba ombi lake haliwezekani. Addams mwenyewe alijifunza kwa kuishi na watu, na sisi tunapewa mtaa kabla ya kupewa mwalimu wa kututembeza mtaani.

4. Kituo anajitafutia mwanafunzi, na nauli ni yake.

Hili nitalipita haraka kwa kuwa limesemwa sana. Barua ya utambulisho tunapewa, baada ya hapo kila mtu na bahati yake. Mwenye ndugu ofisini anapata kituo kizuri, asiye naye anaishia masijala akipanga mafaili ambayo hayahusiani na ustawi wa jamii, na bado anapewa maksi zilezile. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo wana fungu la mafunzo kwa vitendo, ingawa nao hulalamikia kuchelewa kwake. Asiye mnufaika anayeishi Mbagala na amepata kituo Bunju anajilipia daladala kwenda na kurudi kila siku, na akikosa nauli anaandikwa mtoro. Katika ada yetu kuna kipengele cha fildi. Tumeuliza kinatumika vipi na hatujajibiwa.

5. Hakuna anayetuuliza tumerudi na nini moyoni.

Mwenzangu niliyemtaja hapo juu hakuwa na pa kulisemea lile. Msimamizi wake wa kituoni alimwambia azoee. Mhadhiri hakuja. Alinisimulia mimi ndani ya daladala, tumebanwa kwenye foleni ya Ubungo, huku watu wanatusikiliza, na alikuwa analia. Hadi leo anafikiria kubadili kozi, naye ni miongoni mwa watu wachache ninaowajua ambao wangefaa kabisa kwa kazi hii, kwa sababu anajali. Katika taaluma yetu inafahamika vizuri kwamba anayesikiliza mateso ya wengine mfululizo huumia naye, hukosa usingizi, huanza ama kuwakwepa wateja ama kuwafokea. Na tiba ya kwanza ya jambo hilo ni usimamizi wa kila wiki, mtu kukaa na mkubwa wake wa kazi na kulitua. Tunayafundishwa haya darasani na wahadhiri walewale ambao hawatuulizi tunapotoka fildi. Mnapowaona maofisa wakali madirishani, wanaomfokea mama aliyebeba mtoto mgonjwa, baadhi yao walianza kuwa hivyo wakiwa fildi.

Najua majibu tutakayopewa, kwa sababu tumekwisha kuyasikia. La kwanza ni kwamba bajeti haitoshi. Inawezekana haitoshi, lakini tuonyeshwe. Kama kipengele cha fildi katika ada hakikidhi mafuta ya gari la kuwazungusha wahadhiri katika halmashauri tano za mkoa huu, tuambiwe kimekusanya kiasi gani na kimetumika wapi, halafu tuketi pamoja kutafuta njia. Mengi ninayoyaomba hapa chini hayahitaji gari.

La pili ni kwamba wahadhiri ni wachache na wanafunzi ni wengi. Hili ni kweli, na nawahurumia wahadhiri wetu. Lakini idadi ya wanaodahiliwa hupangwa na chuo, si na wanafunzi. Chuo kinachopokea wanafunzi wengi kuliko kinaoweza kuwasimamia fildi kinaihamishia ofisi ya mtaa kazi yake, na ofisi ya mtaa inaihamishia kwa mtoto mwenye sare.

La tatu ni kwamba chuo hakina mamlaka juu ya maofisa wa halmashauri. Hakina, lakini kina mamlaka juu ya wanafunzi wake, na kinaweza kukataa kumpeleka mwanafunzi mahali ambapo hapana wa kumwangalia. Maofisa wenyewe, wengi niliozungumza nao, wangefurahi kupata maandishi yanayosema mwanafunzi afanye nini na asifanye nini, maana siku likiharibika jambo wao ndio watakaoitwa.

Na la nne, ambalo limetuumiza kuliko yote, ni kwamba hata wakubwa wetu walipita huko na wakawa maofisa wazuri. Tunawaheshimu. Hata hivyo, hatujui wateja wao wa kwanza waliishia wapi, na hakuna aliyewahi kwenda kuwauliza.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kabla ya awamu inayoanza Julai. Tunaomba chuo kitoe maelekezo ya maandishi, yatakayopelekwa kwa kila kituo na kusainiwa na pande zote mbili, kwamba mwanafunzi wa fildi haachwi peke yake na shauri la ukatili dhidi ya mtoto, la ubakaji au la mtu anayetishia kujiua, na kwamba shauri la namna hiyo likiingia afisa akiwa hayupo, mwanafunzi apige simu kwa mtu anayejulikana jina na namba, tena atakayepokea. Tunaomba kila mwanafunzi aonwe na mhadhiri akifanya kazi angalau mara mbili katika awamu moja, na mhadhiri asiyemwona mwanafunzi asimpe maksi. Tunaomba vikundi vya usimamizi vya kila wiki, kikundi kimoja kwa kila halmashauri, Ijumaa jioni, katika ukumbi wowote wa shule au ofisi ya kata utakaoombwa. Mhadhiri mmoja na wanafunzi wake kwa saa mbili, kila mtu aseme alichokutana nacho. Katika hayo yote, kama chuo kina uwezo wa kutekeleza moja tu mwaka huu, kianze na vikundi hivi.

Tunaomba pia wiki mbili za maandalizi kabla ya kuondoka, zisizo za mihadhara, ambamo tutajifunza kumhoji mtoto, kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutokana na majalada yaliyofutwa majina, kutunza siri na kumbukumbu za watu, na kujua huduma zilizopo: vituo vya mkono kwa mkono (vinavyowapa waliofanyiwa ukatili huduma zote mahali pamoja), madawati ya polisi, nyumba salama, msaada wa kisheria. Maofisa wastaafu wako wengi katika jiji hili na wakiitwa watakuja. Mwisho, tunaomba hesabu ya fedha za fildi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Niko tayari, pamoja na wawakilishi wa madarasa yote matatu, kukutana nawe na Mratibu siku yoyote mtakayoipanga kabla ya mwisho wa muhula huu, na tutakuja na rasimu ya maelekezo hayo ambayo tumekwisha kuanza kuiandika. Tunaomba jibu la mkutano huo litolewe kwa maandishi kwa Serikali ya Wanafunzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Shahada ya Ustawi wa Jamii,
Dar es Salaam